Ngao ya taifa inaposimikwa kijijini kwako: wakulima wa matikiti wa Seongju na mtambo wa kutungua makombora wa THAAD

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam kwenu.

Nimekuwa msomaji wa nyuzi za ulinzi humu kwa miaka sasa. Makombora yakiruka popote duniani, kesho yake tunapata nyuzi kumi: mtambo gani unatungua zaidi, upi unafika mbali, upi bei yake ni kufuru. Nazisoma zote. Ila kuna swali sijaona tukiliuliza. Huo mtambo umesimikwa wapi? Kwenye ardhi ya nani? Na jirani yake aliulizwa?

Swali hilo lilinijia nikisoma habari za Seongju, Korea Kusini, na halijaniacha mpaka leo. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Seongju ni wilaya ya wakulima katika mkoa wa Gyeongsang Kaskazini, watu kama 45,000 hivi. Wanalima tikiti dogo la njano lenye mistari myeupe ambalo Wakorea wanaliita chamoe. Zaidi ya nusu ya chamoe zote zinazolimwa nchi ile zinatoka hapo. Ukiona picha ya bonde lao imepigwa kutoka juu utadhani ni ziwa, kumbe ni mabanda ya nailoni, mstari kwa mstari mpaka chini ya milima. Kisiasa walikuwa watu wa serikali kindakindaki. Uchaguzi wa 2012 walimpa Park Geun-hye, aliyeshinda urais, zaidi ya asilimia 80 ya kura zao. Likumbukeni hilo.

Mwaka 2016 ulianza vibaya rasi ile. Januari Korea Kaskazini ikafanya jaribio lake la nne la bomu la nyuklia, Februari ikarusha roketi ya masafa marefu. Na hawa ndugu wawili hawajawahi kutia saini mkataba wa amani. Vita vilivyoanza 1950 vilisimamishwa tu, Julai 27, 1953. Kwa hiyo hofu ya Wakorea Kusini ni hofu ya kweli, simbezi mtu. Julai 8, 2016, Seoul na Washington zikatangaza kwamba mtambo wa THAAD wa jeshi la Marekani utaletwa. Julai 13 wakataja mahali: kilima cha Seongsan, Seongju, kunako kambi ya jeshi la anga, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Wananchi walilisikia kwenye taarifa ya habari kama mtu mwingine yeyote wa nchi ile.

Aliyewahi kuamka asubuhi akakuta ukuta wake umepigwa X nyekundu anaijua asubuhi hiyo ya Seongju bila kusimuliwa.

Siku mbili baadaye Waziri Mkuu Hwang Kyo-ahn akaenda kuwaeleza. Aliomba radhi kwamba hawakuambiwa mapema. Watu wakamrushia mayai na chupa za maji, akakimbilia ndani ya basi, na basi likazingirwa kwa saa nyingi. Wazee ambao miaka minne nyuma walikuwa wakipiga kura ya serikali kwa moyo mmoja! Kuanzia hapo wakawa wanakutana kila usiku mbele ya ofisi ya wilaya wakiwa na mishumaa. Wakulima waliingiza matrekta kwenye matikiti yao wenyewe wakayalima chini, kwa sababu tayari maneno yalishaanza sokoni kwamba matunda yao yatakuwa ya mionzi. Walipokwenda Seoul kuandamana, maelfu, walivaa utepe wa bluu kifuani. Sababu ya utepe ndiyo iliyonigusa: serikali ilikuwa inasema wanaopiga kelele ni watu wa nje waliojipenyeza, basi wakajitia alama ili ajulikane nani ni mwana wa Seongju. Agosti 15, sikukuu ya Wakorea kukombolewa kutoka kwa Wajapani, watu zaidi ya 900 walikaa kwenye viti, wanaume kwa wanawake, wakanyolewa vipara kwa pamoja.

Nirudi kidogo kwenye mtambo wenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa hasira. Kombora la THAAD halibebi kichwa cha kulipuka. Linakwenda kuligonga kombora la adui mwili kwa mwili, likiwa linashuka, kwenye kimo cha kati ya kilomita 40 na 150. Betri moja ina magari sita ya kufyatulia, kila gari makombora manane, na macho yake ni rada iitwayo AN/TPY-2. Umbali wa kutungua ni kama kilomita 200. Sasa chukua ramani upime Seongju mpaka Seoul. Ni zaidi ya kilomita 200. Mji mkuu na viunga vyake, wanakoishi karibu nusu ya Wakorea Kusini wote, uko nje ya mwavuli. Kilicho ndani ni kusini mwa nchi: bandari ya Busan, Daegu, na kambi za Marekani. Tena tishio kubwa kwa Seoul ni mizinga na roketi za masafa mafupi zilizopangwa ng'ambo ya mpaka, na hizo huwa hazipandi kufika kimo ambacho THAAD inafanyia kazi.

Kwa hiyo mkulima wa Seongju alipouliza "tunamlinda nani?" hakuwa anauliza kijinga. Kabla ya tangazo, hakuna aliyekuwa na sababu ya kulenga kombora kwenye mashamba ya matikiti. Baada ya rada kufika, yeye ndiye wa kwanza kupigwa, kwa sababu vita ikianza adui huanza na macho ya mwenzake.

Mwisho wa Septemba serikali ikabadilisha eneo. Ikachagua uwanja wa gofu wa kampuni ya Lotte, juu milimani, kijiji cha Soseong-ri, bado ni Seongju lakini mbali na mji. Hapo ndipo pananiuma kuliko pote. Mjini watu wengi wakapumua. Mzigo ukashushwa mgongoni kwao ukatwishwa kijiji cha watu mia na kitu, wengi wao vikongwe, pamoja na majirani wa Gimcheon ambao rada iliwaelekea. Mwezi mmoja kabla walikuwa watu wa mshumaa mmoja.

Magari ya mtambo yaliingia usiku wa kuamkia Aprili 26, 2017, wiki mbili kabla ya uchaguzi wa rais. Siku ya pili yake Donald Trump akasema kwenye mahojiano kwamba Korea Kusini inapaswa kulipa dola bilioni moja kwa mtambo huo, ilhali makubaliano yalikuwa wao watoe ardhi na Marekani igharimie mtambo. Hebu fikiria bibi wa Soseong-ri anayasikia hayo redioni.

Naomba maoni yenu. Wanaojua zaidi wanisahihishe.

#2 Askari Mstaafu

Mleta mada, heshima yako. Umeandika kwa moyo na mimi nitakujibu kwa moyo.

Nimevaa gwanda miaka mingi. Ulinzi wa nchi hauamuliwi kwa kupiga kura kijiji kwa kijiji. Kila mtu anataka ngao, hakuna anayetaka ngao ikae kwake. Ukiwasikiliza Seongju, utawasikiliza Gimcheon, kisha na wengine, mwisho mtambo unakosa pa kukanyaga na adui anakucheka. Rada huwekwa panapofaa kijiografia: kimo, mwelekeo, umbali wa kutofikiwa na mizinga. Ukiipeleka karibu na Seoul unaiweka mdomoni mwa mizinga hiyo hiyo uliyoitaja. Kuwa mbali kuna maana yake.

Na umeishia Aprili. Endelea mbele. Rais mpya Moon Jae-in alikuwa na mashaka na THAAD, akasimamisha magari manne yaliyobaki mpaka tathmini ya mazingira ifanyike. Julai 28, 2017, Kaskazini ikarusha kombora la kuvuka mabara usiku. Moon mwenyewe, mtu wa amani, akaagiza yaletwe. Septemba 3 wakalipua bomu la sita, kubwa kuliko yote yaliyotangulia, na siku nne baadaye magari manne yakapanda mlima. Aliyekuwa na mashaka alipokaa kwenye kile kiti aliona kitu ambacho sisi wa pembeni hatukioni.

#3 Dada wa Fizikia

Nimekuja kwa jambo moja tu, hofu ya mionzi, kwa sababu nimeiona ikipita bila kuguswa.

Mawimbi ya rada si ya aina ya bomu la atomu. Hayavunji chembe za mwili wala hayabaki kwenye tikiti. Yanachoweza kufanya ni kupasha joto, na hilo linategemea nguvu yake mahali ulipo. Rada ya THAAD inatazama juu, boriti yake hailali ardhini, na mtambo uko mlimani juu ya kijiji. Tathmini ya mazingira ilipokamilika Juni 2023, kiwango cha juu kabisa kilichopimwa hakikufika hata asilimia 0.2 ya kikomo kinachoruhusiwa kwa binadamu. Chamoe za Seongju ni salama, zilikuwa salama.

Lakini tazameni tarehe. Uamuzi 2016, mtambo 2017, tathmini kamili 2023. Ukiweka chombo kwenye kijiji cha watu halafu vipimo ukavimaliza miaka sita baadaye, usiwaite wajinga kwa kuogopa. Walisoma nyaraka za jeshi la Marekani zinazotaja umbali wa kilomita 3.6 ambao asiye na ruhusa asisimame mbele ya rada, huku serikali yao inawaambia mita 100 zinatosha. Tofauti ile ina maelezo ya kitaalamu kabisa, inahusu pembe na kimo. Angetumwa mtu mwenye subira akae nao siku tatu na ubao na chaki, wangeelewa. Mimi nafundisha, najua wazee wanaelewa.

#4 Mwana Musaffah

Wakuu mimi niko Abu Dhabi, nafanya kazi upande wa Musaffah. Nilikuwa sitaki kuchangia ila nimeshindwa.

Januari 17, 2022, Wahouthi, waasi wa Yemen, walipiga huku. Matangi ya mafuta yalilipuka, wakafa watu watatu, Wahindi wawili na Mpakistani mmoja. Watu wa kazi kama mimi. Hawakuwa na ugomvi na mtu Yemen. Siku hiyo hiyo THAAD, hiyo hiyo mnayoijadili, ilitungua kombora kwa mara ya kwanza katika vita halisi. Wiki iliyofuata, tarehe 24, alfajiri, nikasikia mishindo miwili, madirisha yakatikisika. Makombora mawili yalitunguliwa juu ya mji. Vipande vilianguka lakini hakuna aliyekufa. Nilimpigia mama yangu Tanga nikamwambia mzima. Nilikuwa natetemeka.

Kwa hiyo mimi nikisikia mtu anasema ngao haifai, naomba anisamehe, ngao imenipa uhai. Sijui ilikuwa imeegeshwa karibu na kijiji cha nani. Nashukuru ilikuwapo.

#5 Mleta mada

Ndugu yangu wa Musaffah, pole sana, na ahsante kwa kuandika. Sitabishana na mtu aliyesikia mshindo ule. Mama yako aendelee kupokea simu zako.

Niseme wazi basi, maana naona nimeeleweka kama ninayepinga mitambo yenyewe. Kombora likishakuwa hewani linaelekea kwenye vitanda vya watu, lizuiwe. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema liachwe. Ninachokataa ni mazungumzo kuanzia hapo, kombora likiwa tayari hewani, kana kwamba lilijiotea lenyewe.

Chukua wiki yako ile ile. Emirati zilikuwa kwenye muungano ulioingia vitani Yemen Machi 2015, pamoja na Saudia. Kati ya tarehe 17 na 24 uliyosikia mishindo, tarehe 21 Januari, ndege za muungano zilipiga gereza la Saada, kaskazini mwa Yemen. Walikufa watu zaidi ya 80. Wale hawakuwa na THAAD. Na ninyi mlioko Musaffah na wale wa Saada, hakuna hata mmoja aliyeulizwa kama vita hiyo ipiganwe. Ngao ilikulinda wewe, Mungu ashukuriwe, ila haikuizima ile vita. Aprili 2022 makubaliano ya kusitisha mapigano yalipofikiwa kwa upatanishi wa Umoja wa Mataifa, ndipo anga lenu likatulia.

Mzee Askari, hoja yako ya jiografia naikubali. Ya Moon pia ni kweli, na niliogopa kuiandika kwa sababu inaniuma: watu wa Soseong-ri walimngoja yule bwana kama mkombozi. Septemba 7 walikaa barabarani kama mia nne, wakafungana mikono, polisi wapatao 8,000 wakawabeba mmoja mmoja. Lakini unasema "huwezi kupiga kura kijiji kwa kijiji" kama vile kulikuwa na mambo mawili tu, kura au kushtukiza. Kulikuwa na la tatu, kuwaambia. Kuwaambia miezi sita mapema, kupima kwanza, kujadili bungeni. Bunge la Korea Kusini halikuwahi kuupigia kura mtambo ule.

#6 Kibatari

Uzi mzuri. Naongeza la zamani, kwa sababu Wamarekani wenyewe walishawahi kuwa Seongju.

Septemba 1967 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Robert McNamara, alitangaza mtambo wa kuzuia makombora ulioitwa Sentinel, kwa hoja ya kujikinga na China. Alitangaza huku roho yake haitaki. Hotuba ile ile ilieleza kwa nini ngao dhidi ya Wasovieti ingekuwa upuuzi: ukijenga ngao, mwenzako anaongeza mikuki. Miezi mitatu nyuma yake alikuwa amemweleza hayo Waziri Mkuu wa Umoja wa Kisovieti, Kosygin, huko Glassboro, New Jersey, na Kosygin hakuyaelewa kabisa. Kwake kujikinga kulikuwa jambo adilifu, kushambulia ndiko kuovu. Ukimsikiliza mtu wa kawaida leo bado anasema kama Kosygin, na si vigumu kuona kwa nini.

Sasa, makombora ya Sentinel yalipangiwa karibu na miji mikubwa: Boston, Chicago, Seattle. Na hayakuwa ya kugonga mwili kwa mwili kama THAAD. Yalikuwa na vichwa vya nyuklia! Lile kubwa, Spartan, lilibeba nguvu ya kama megatani 5, zaidi ya mara 300 ya bomu la Hiroshima, lilipuke juu angani lichome kombora la adui. Wenyeji wa viunga vile, watu wa daraja la kati wenye nyumba na bustani, walipogundua kinachochimbwa nyuma ya nyumba zao walifurika mikutanoni. Wanafizikia wa maabara ya Argonne, jirani na Chicago, wakawa wanazunguka kuwaeleza majirani namna kitu kile kinavyofanya kazi. Dada wa Fizikia, hao ndio watu wako wa ubao na chaki, ila wao walikuwa upande wa kupinga. Hans Bethe, aliyepata Nobeli ya fizikia 1967, na Richard Garwin waliandika 1968 kwamba adui akitupa vitu vya kudanganyia angani pamoja na kombora, mtambo hautajua upige kipi. Tatizo hilo halijaisha mpaka leo.

Februari 1969 kazi ikasimamishwa. Machi, Nixon akaja na mpango uleule kwa jina jipya, Safeguard, safari hii kulinda maghala ya makombora huko mashambani badala ya miji. Mnaona? Mjini wamepiga kelele, mzigo ukapelekwa kwa wachache. Agosti 6, 1969, Baraza la Seneti liligawanyika 50 kwa 50, kura ya Makamu wa Rais Agnew ikaunusuru. Ukajengwa Nekoma, North Dakota, na jengo la rada kama piramidi iliyokatwa kichwa. Ulikamilika kuanza kazi kwa ukamilifu Oktoba 1, 1975. Oktoba 2 Baraza la Wawakilishi likapiga kura ufungwe. Dola kama bilioni 6 za wakati ule. Piramidi bado iko pale katikati ya mashamba.

Ila kelele zile hazikupotea bure. Kati ya mabishano hayo na mazungumzo na Moscow ukazaliwa mkataba wa Mei 26, 1972, Nixon na Brezhnev, wa kuwekea kikomo mitambo ya kuzuia makombora: vituo viwili kila upande, baadaye kimoja. Ulidumu miaka thelathini mpaka Marekani ilipojitoa Juni 2002.

#7 Mtu wa Pwani

Swali kwa mleta mada. Je, kuna mahali wananchi walishawahi kushinda moja kwa moja? Naona kila kisa mzigo unahama tu.

#8 Mleta mada

Mtu wa Pwani, wapo.

Japani ilitaka kuweka mitambo miwili ya kuzuia makombora, Aegis Ashore, nchi kavu, mmoja Araya katika mji wa Akita, mwingine Yamaguchi. Araya ni pembeni kabisa ya makazi na shule. Mwaka 2019 gazeti la huko Akita likagundua kwamba ripoti ya wizara iliyokuwa inasema hakuna eneo jingine linalofaa ilikosea vipimo: milima ilionekana mirefu kuliko ilivyo kwa sababu walipima kwa picha za Google Earth bila kuangalia mizani ya ramani. Wizara ikaenda kuomba radhi kwa wananchi, na kwenye mkutano huo huo ofisa mmoja akasinzia mbele yao. Juni 2020 Waziri wa Ulinzi, Taro Kono, akausimamisha mpango, kwa sababu hawakuweza kuhakikisha kwamba kipande cha chini cha roketi kitaangukia ndani ya kambi badala ya juu ya watu. Baadaye wakaamua mitambo hiyo ibebwe na meli, kazi ile ile ya ulinzi ifanyike baharini. Mzee Askari, hapo ngao haikufa. Wananchi waligoma, jeshi likalazimika kufikiri tena.

Kingine ni Cheki. Marekani ilitaka rada katika milima ya Brdy, na makombora kumi Poland. Kijiji kidogo cha Trokavec kilipiga kura yake chenyewe Machi 2007: 71 walikataa, mmoja akakubali. Kura isiyo na nguvu yoyote kisheria. Lakini kura za maoni nchi nzima zikawa zinaonyesha Wacheki wengi wako na Trokavec, na bungeni serikali ikashindwa kupata idadi ya kuupitisha mkataba. Septemba 2009 Obama akaufuta mpango.

#9 Askari Mstaafu

Kisa cha Akita sikukifahamu. Kipande cha roketi kuangukia watu ni jambo la msingi, si la siasa, na lilipaswa kujulikana na wataalamu kabla ya mwananchi kuuliza. Hapo nakubali.

Seongju bado nasimama nilipokuwa kuhusu mtambo kuwekwa. Kuhusu kuwaambia, nakubaliana nawe. Nimewahi kuwa kwenye msafara wa kwenda kuweka kambi mahali ambapo wenyeji hawakuambiwa. Tulikuta mama mmoja anapalilia. Aliendelea kupalilia sisi tukiwa tumesimama. Sikusema kitu siku ile na nimekuwa nikimkumbuka tangu nianze kusoma uzi huu.

#10 Mwana Musaffah

Mleta mada, ile ya Saada nilikuwa sijaiweka pamoja na wiki yetu. Nilijua habari mbili mbalimbali. Ahsante, ingawa imenikosesha raha.

#11 Kibatari

Ulituambia tuzikumbuke kura za Seongju, ile asilimia 80. Iliishia wapi?

#12 Mleta mada

Kweli, nilisahau.

Uchaguzi wa Mei 9, 2017, baada ya yote yale, mayai, vipara, matrekta, Seongju kama wilaya ilimpa zaidi ya nusu ya kura Hong Jun-pyo, mgombea wa chama kilekile cha Park, aliyetaka THAAD ikae. Mjini mtambo ulikuwa umeshahamia mlimani. Wenzao wa Seoul waliokuwa wamewaonea huruma walikasirika sana, wengine wakaandika mitandaoni kwamba basi wabaki na mtambo wao.

Mimi nimelitafakari sana hilo na sikasiriki. Mtu anaweza kuwa mhafidhina maisha yake yote, akaamini jeshi, akachukia serikali ya Kaskazini, na bado akasema hapa hamkututendea haki. Kupinga mtambo hakukuwafanya watu wa Pyongyang, kama walivyoitwa. Na kumpigia kura Hong hakumaanishi kwamba walidanganya walipokuwa wakinyolewa.

Ila Soseong-ri waliendelea. Bonde lile ndiko alikozaliwa Song Gyu, kiongozi wa pili wa dini ya Won, tawi la Kikorea la Ubuddha, na njia ya kwenda uwanja wa gofu ni njia ya mahujaji wao. Walipozuiwa kupita Machi 2017, wahudumu wa dini ile waliketi palepale barabarani kwenye baridi wakaanza kusali, na sala ikawa ya kila siku. Vikongwe wa kijiji walikuwa wanaleta mkaa na supu. Kila lori la vifaa lilipotaka kupanda, miaka na miaka baada ya kamera kuondoka, bibi wa miaka themanini na kitu walikuwa wanatoka nyumbani alfajiri na viti vyao vya plastiki kwenda kuketi katikati ya njia, polisi wanawainua pamoja na kiti, taratibu, wanawaweka pembeni, lori linapita. Kesho yake wanarudi. Kwenye mabango yao waliandika maneno machache tu: THAAD ondoka, amani njoo.